Nimemwagia nyanya maji ya sukari, mbona majani yanakuwa njano?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nina miche ya nyanya kwenye vyungu. Kuna mtu alinitumia video inasema sukari ndo chakula cha mmea, kwa hiyo ukikoroga vijiko viwili kwenye lita ya maji ukamwagia kila baada ya siku tatu miche inashtuka. Nimefanya hivyo wiki mbili, sasa majani ya chini yamekuwa njano, udongo unanuka kama kitu kilichochacha na sisimizi wamejaa. Kwani si kweli mmea unatumia sukari? Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Aliyekutumia video kashika nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo imekuumizia miche.

Mmea unaishi kwa sukari, ni kweli kabisa, na tena ni sukari ileile unayoijua, sukrosi, haina tofauti yoyote na iliyoko kwenye kopo jikoni kwako. Ila mmea unaitengeneza wenyewe, na kiwanda ni jani. Jani linavuta kabonidioksaidi, maji yanapanda kutoka mizizini, mwanga unafanya kazi yake ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vilivyomo ndani ya seli za jani, vinapatikana vipande vidogo vyenye kaboni tatu tatu, vinatoka nje ya kloroplasti na humohumo ndani ya seli vinaungwa mpaka unapata sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoshikana, hiyo ndo sukrosi.

Kwanini zishikane? Hapa mimi napapenda sana. Glukosi ikiwa peke yake ina ncha iliyo wazi ambayo inaweza kudandia vitu vingine njiani, protini na kadhalika. Kwenye sukrosi ncha ya glukosi na ya fruktosi zimefungana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo inasafiri imetulia hadi inakotakiwa, na ikifika huko kuna vimeng'enya vinavyoivunja tena ili itumike.

Njia inayopita ni floemu, mirija iliyo upande wa ndani wa ganda la shina. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 jinsi inavyosukumwa: jani linapakia sukari kwenye mirija, maji yanaifuata, presha inapanda, halafu upande wa pili mizizi au tunda linaipakua ile sukari na presha inashuka, basi utomvu unatoka penye presha kubwa unakwenda penye ndogo, kwa mwendo wa kama mita moja kwa saa. Hamna moyo wala pampu humo.

Ukitaka kuiona hiyo presha kwa macho yako tafuta vidukari, wale wadudu laini wanaojazana chini ya majani machanga. Kidukari anachoma mdomo wake, mwembamba kuliko unywele, hadi ndani ya floemu na utomvu unamjia wenyewe, mwingi mpaka unamzidi, na ukitulia utaona tone linatokea nyuma yake linang'aa kama kioo. Gusa jani lililo chini yake, linanata. Wanasayansi walishawahi kumkata kidukari akabaki mdomo tu umechomekwa kwenye mmea, na utomvu ukaendelea kutoka kupitia huo mdomo, wakaukusanya ukiwa safi wakaupima.

Sasa turudi kwenye vyungu vyako. Ukimwaga sukari kwenye udongo wa kwanza kuila ni bakteria na kuvu, wako wengi na wana njaa kuliko miche yako. Wanazaliana haraka, na ili wajenge miili yao wanahitaji nitrojeni, wanaichukua hapohapo kwenye udongo, nyanya inakosa. Mmea ukikosa nitrojeni unaitoa kwenye majani ya zamani unapeleka kwenye machanga, ndo maana njano imeanzia chini. Hiyo harufu ni kuchacha kwa kweli, maana viumbe hao wanamaliza pia oksijeni ambayo mizizi inaihitaji. Na sukari ikizidi kwenye maji, mizizi inapata shida hata kuyavuta hayo maji.

Maabara wanaweka sukari, ndiyo, hata gramu 30 kwa lita, lakini pale ni vipande vya mmea ndani ya chupa ambayo vijidudu vyote vimeuawa, na vipande vyenyewe bado haviwezi kujitengenezea chakula cha kutosha. Mche wako una majani.

Cha kufanya: acha sukari leo. Mwagia maji matupu mengi mpaka yatoke chini ya chungu, mara mbili tatu, halafu subiri udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagia tena. Baadaye weka mboji iliyooza vizuri au mbolea kidogo yenye nitrojeni, na usogeze vyungu penye jua. Majani machanga usiyakate hata kama yanaonekana dhaifu, jani changa linalishwa na wenzake mpaka likaribie nusu ya ukubwa wake, ndo linaanza kutoa.

SWALI: Mwalimu, kama sukari inatengenezwa na mwanga, usiku mmea unakula nini? Nikiwasha taa usiku kucha si itakua mara mbili?

JIBU: Mchana jani halisafirishi sukari yote, sehemu linaigeuza wanga na kuuweka ndani ya kloroplasti. Giza likiingia ule wanga unavunjwa, inatengenezwa sukrosi, safari inaendelea. Kuna mmea mdogo wa jamii ya haradali, Arabidopsis, umechunguzwa sana kwenye hili: unatumia wanga wake kwa kipimo hadi karibia na alfajiri ndo unakwisha, na hata ukiuzimia taa mapema kuliko ulivyozoea unapunguza matumizi ili akiba iufikishe asubuhi. Mimi kila nikilifikiria hili nabaki nashangaa, kitu kisicho na ubongo kinagawa chakula kwa saa zilizobaki!

Taa usiku kucha usiwashe, hasa kwa nyanya. Nyanya ikipata mwanga saa 24 mfululizo siku baada ya siku, majani yanapata mabaka ya njano na ukuaji unazorota. Kama mahali pako pana kiza mchana ongeza taa, ila jumla ya mwanga isizidi kama saa 16, halafu zima.