Boti ya alumini: chini bapa au V?

Kaka, umeuliza uchukue boti gani: kati ya ile ya futi 12 chini bapa na ya futi 14 yenye chini iliyochongoka kama V, kama kweli wataka kutoka nje ya mwamba chukua ya V. Ile bapa ni tamu kwenye maji matulivu ya hori la Tudor ama Mtwapa hapa pwani ya Kenya, unasimama unarusha mshipi haiyumbi, lakini upepo wa kusi ukivuma itakutwanga mgongo mpaka umlaani aliyekuuzia, alumini ni nyepesi haikati wimbi kama faiba, inarukaruka tu. Angalia V inafika mpaka tezi (nyuma) au inaishia katikati, wauzaji hupenda kukuonyesha omo (mbele) pekee 😂 Na ukae nyuma, mbele ndiko kunakopigwa zaidi.

Kwa bei, za ribiti, yaani bati zilizoungwa kwa misumari ya kugongwa, ni nafuu ila ribiti zikilegea maji yaingia, mimi ningeongeza kidogo nipate ya kuchomelewa, bati milimita 3 hivi. Rangi ya chini yenye shaba usiiguse kabisa, ndani ya maji chumvi italila bati. Halafu ulizia mapema fundi mwenye gesi ya agoni ya kuchomelea alumini, huyu wa mageti hapo mtaani atakutobolea.