Panchi ya mvinyo mweupe msimu wa joto: maswali yenu na majibu yetu

Kaskazi imeingia, maembe na mananasi yamejaa sokoni, na maswali kuhusu panchi yanakuja kwa wingi. Tunazungumzia kinywaji cha bakuli kubwa: mvinyo mweupe, juisi, vipande vya matunda na maji ya gesi, kinachochotwa kwa upawa. Tumechagua maswali yanayojirudia.

Nina chupa mbili za mvinyo mweupe na bakuli kubwa. Nipeni kipimo cha kuanzia. (Dar es Salaam)

Kwa chupa mbili za mililita 750, andaa juisi ya pasheni mililita 250 isiyotiwa maji (pasheni 12 hivi, kutegemea ukubwa), juisi ya nanasi mililita 250, maji ya ndimu mililita 50, shira mililita 200 na maji ya gesi lita moja. Matunda ya kuelea: nusu nanasi, embe moja, chungwa moja. Utapata zaidi kidogo ya lita 3. Kama mvinyo una kilevi cha asilimia 12, panchi itakuwa na asilimia 5 na nusu hivi, yaani karibu sawa na bia. Waambie wageni, maana utamu huficha pombe.

Shira ipikwe mapema. Chemsha sukari gramu 150 na maji mililita 120 pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, ukubwa wa kidole gumba. Sukari ikishayeyuka yote, epua, chuja, acha ipoe kabisa. Usitie sukari kavu kwenye mvinyo baridi: haiyeyuki vizuri, inatuama chini, na mtu wa mwisho kuchota anapata glasi ya sukari tupu.

Kata nanasi na embe vipande vya sentimita 2. Vimwagie shira, ndimu na chupa moja ya mvinyo, funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa 2 hadi 3. Wageni wakikaribia kufika, ongeza chupa ya pili na juisi, vyote vikiwa baridi, kisha onja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanarekebisha ladha iwe sawasawa, halafu wanamimina lita nzima ya maji ya gesi na kila kitu kinapooza. Kabla ya gesi, panchi iwe tamu zaidi na chachu zaidi ya unavyotaka kuinywa. Maji ya gesi yaingie mwisho kabisa, yakiwa baridi, yakimiminwa taratibu ukingoni mwa bakuli. Koroga mara mbili tu kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga kwa nguvu, gesi yote inatoka.

Ninunue mvinyo wa aina gani? Lazima uwe wa bei kubwa? (Dodoma)

Tafuta mvinyo mkavu (yaani usio na utamu), wenye uchachu, usiokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Mapipa hayo huacha ladha ya mbao na vanila, na ikikutana na ndimu huwa na uchungu. Mvinyo wa zabibu aina ya Chenin Blanc au Sauvignon Blanc unafaa sana. Wewe uliye Dodoma una bahati, Chenin Blanc inalimwa hapo hapo. Wengine wataipata kwa urahisi kutoka Afrika Kusini.

Bei ya kati inatosha. Pasheni na nanasi vitafunika zile harufu laini unazozilipia kwenye chupa ghali. Ila matunda hayafichi mvinyo ulioharibika: ukifungua ukasikia harufu ya siki, usiutie. Mvinyo wa boksi nao ni sawa. Kama umeshanunua mvinyo mtamu, anza na shira mililita 50 na uongeze ndimu mpaka ulimi usisimke kidogo.

Panchi yangu huanza vizuri, baada ya nusu saa ni maji matupu. Nikipunguza barafu inakuwa vuguvugu. (Mombasa)

Tatizo liko kwenye joto la vitu ulivyochanganya. Lita 3 za kinywaji chenye nyuzi 30, joto la kawaida la sebule ya pwani, zikipozwa na barafu hadi nyuzi 6 huyeyusha barafu ya gramu 800 hivi. Umeongeza karibu lita moja ya maji kabla mgeni wa kwanza hajashika glasi! Barafu kazi yake ni kutunza ubaridi uliopo. Mvinyo, juisi, shira, maji ya gesi, hata bakuli lenyewe, vilale kwenye friji usiku kucha.

Ukishafanya hivyo, tumia pande moja kubwa la barafu badala ya vipande vidogo. Vidogo vina uso mwingi unaogusana na kinywaji, ndiyo maana vinaisha haraka. Gandisha lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa ndani ya kopo pana la plastiki kwa saa 24. Ukipenda, panga humo vipande vya chungwa. Barafu ya kununua isiyojulikana maji yake yametoka wapi itumike nje ya bakuli tu: weka bakuli la panchi ndani ya beseni lenye barafu na maji. Beseni hilo linasaidia sana kwenye sherehe za uani.

Njia nyingine tunayoipenda ni kugandisha vipande vya nanasi na tikiti maji na kuvitumia kama barafu. Tikiti likiyeyuka hutoa maji yake pia, kwa hiyo nanasi liwe jingi zaidi.

Niliandaa kila kitu jana yake ili nipumzike. Ikawa chungu. Kwa nini? (Arusha)

Bila shaka machungwa na ndimu vililala humo na maganda yake. Ule utando mweupe chini ya ganda hutoa uchungu taratibu, na pombe huuvuta haraka kuliko maji. Vipande vya chungwa vyenye ganda viingie saa moja kabla ya kunywa, vikiwa vyembamba, na vikikaa zaidi ya saa 3 au 4 vitolewe. Ukitaka chungwa lilale, limenye mpaka utando mweupe uishe.

Chunguza na pasheni. Ukiisaga kwenye blenda kwa muda mrefu, mbegu hupasuka na juisi huwa chungu na yenye chengachenga. Ikamue kwa kijiko juu ya chujio. Majani ya nanaa nayo yaingie dakika za mwisho, yakiwa mazima, yapigwe kofi moja kati ya viganja. Ukiyakatakata yanageuka meusi.

Jana yake unaweza kufanya haya: shira, juisi, pande la barafu, na kukata nanasi.

Matunda gani nisitie? (Morogoro)

Ndizi, papai na parachichi. Hulainika, huchafua rangi, na papai huacha harufu isiyokubaliana na mvinyo. Embe liwe limeiva lakini bado gumu, dodo au bolibo. Likiwa rojorojo linageuza panchi kuwa uji. Tufaha linafaa ukilipaka ndimu mara tu baada ya kulikata, lisiwe la kahawia.

Naweza kuchanganyia kwenye sufuria kubwa ya kawaida? (Tanga)

Ya alumini, hapana. Asidi ya mvinyo, ndimu na pasheni huila alumini na kinywaji kinapata ladha ya chuma. Tumia kioo, bati lenye enameli isiyobanduka, chuma cha pua, au ndoo mpya ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Wageni ni 20, baadhi Waislamu, na watoto watakuwepo. Nipange vipi? (Dar es Salaam)

Tuseme wanywaji wa pombe ni 12. Kwa saa 3, hesabu glasi mbili na nusu za mililita 150 kila mmoja: lita 4 na nusu, yaani kipimo chetu mara moja na nusu. Changanya kipimo kimoja kwanza. Nusu ya ziada ibaki kwenye friji bila gesi.

Panchi isiyo na pombe iandaliwe kwanza, kwa vyombo vyake. Chemsha mashina 6 ya mchaichai yaliyopondwa kwenye lita moja ya maji kwa dakika 10, chuja, poza. Ongeza nusu lita ya juisi ya zabibu nyeupe, na mchanganyiko huo uchukue nafasi ya mvinyo. Ndimu iwe maradufu, maana uchachu wa mvinyo haupo. Bakuli lake, upawa wake, matunda yake, na kadi iliyoandikwa wazi. Meza ziwe mbili zilizoachana, kwa sababu upawa mmoja ukihama umewaharibia wageni wako. Matunda yaliyolala kwenye mvinyo yamekunywa pombe: mtoto, mjamzito na dereva wasiyale.

Niko Hamburg. Julai hapa embe zuri ni ghali. Nitumie nini? (Ujerumani)

Uko kwenye nchi ya Bowle, kinywaji cha Kijerumani cha mvinyo na matunda ambacho ni ndugu wa panchi hii. Fuata wenyeji: gramu 500 za stroberi zilizokatwa, sukari vijiko viwili, chupa moja ya Riesling kavu (mvinyo mweupe), saa moja kwenye friji. Kisha ongeza chupa ya pili, na badala ya maji ya gesi tia chupa ya Sekt kavu, mvinyo wa Kijerumani wenye mapovu. Kumbuka Sekt ni mvinyo pia, hivyo itakuwa kali karibu maradufu ya kipimo chetu. Glasi ziwe ndogo. Stroberi hazivumilii kulala usiku, hupauka na kuvurugika.

Iliyobaki niifanye nini? (Mombasa)

Toa matunda na maganda siku hiyo hiyo, chuja, funga kwenye chupa, weka kwenye friji, inywewe kesho yake kwa kuongeza maji mapya ya gesi. Iliyokaa mezani saa nyingi kwenye joto, vidole na vijiko vikiingia, imwagwe.