Ukisoma shairi la vita, uliza kwanza mtunzi alikuwa kasimama wapi

Kila nikianza kufundisha mashairi ya vita kidato cha sita swali la kwanza darasani ni lile lile, mwalimu huyu mtunzi anaunga mkono vita au anapinga? Najua linakotoka, mtihani unataka msimamo wa mwandishi na mtu anatafuta jibu la mstari mmoja aende zake. Ila ushauri wangu kwa wanafunzi na kwa yeyote anayependa mashairi, hilo swali liweke pembeni kwanza. Anza na hili: wakati anatunga alikuwa kasimama wapi, na nani walikuwa wamekaa mbele yake wanamsikiliza.

Chukua pwani yetu ya Mrima. 1888 Wajerumani wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki wanapandisha bendera yao Pangani, watu wanakataa, Abushiri bin Salim anaongoza vita, na tarehe 15 Disemba 1889 ananyongwa hapo hapo Pangani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa upande huo huo wa Tanga, akatunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima (Wadachi ndio hao Wajerumani) wakati machungu bado mabichi kabisa. Sasa angalia kitu kimoja ambacho wengi wanakipita, ni umbo lenyewe. Utenzi wa mizani, yaani silabi, nane nane kila kipande ndio watu wa pwani waliozoea kusimuliwa nao vita vya Mtume na maswahaba, mfano Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo wa Pate, cha 1728. Kwa hiyo msikilizaji wa Mrima akisikia habari za Abushiri na Bwana Heri wa Saadani zinakwenda kwa mwendo ule ule wa vita vitakatifu, hana haja ya kuambiwa nani yuko kwenye haki, sikio limeshamwambia. Ndo maana nasisitiza utenzi wa vita usomwe kwa sauti, tena kwa kughani kama unaweza, maana ukiusoma kimya kama gazeti nusu ya msimamo wa mtunzi inapotea.

Halafu shuka kusini, miaka michache tu baadaye. 1895 Wajerumani wanamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha, kule Kilwa Kivinje, na mahali penye mwembe aliponyongewa mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Kuna mashairi ya Kiswahili ya kipindi hicho yanayomlaumu Makunganya na kusifia nguvu ya Wadachi, yalikusanywa na Carl Velten, ambaye alikuwa mkalimani wa serikali hiyo hiyo ya Kijerumani, akayachapisha 1907. Darasa langu hapa huwa linawaka moto, msaliti, kibaraka, amelipwa huyo! Mi huwaacha waseme kwanza maana hasira yao ni ya haki, na mimi mwenyewe nikiyasoma roho inaniuma. Lakini baada ya hapo nawaomba warudi kwenye lile swali letu: mtu anaishi mji ambao watu wamenyongwa hadharani juzi, na anayekuja na kalamu kumwambia haya nighanie shairi ni mtu wa serikali iliyonyonga. Sifa zile zinaweza kuwa hofu, zinaweza kuwa riziki, na zinaweza pia kuwa mawazo yake ya kweli, kwa sababu pwani haikuwa na sauti moja hata siku moja. Usimtetee, ila usimhukumu kabla hujaona nani kamzunguka.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ndo anawasumbua zaidi. Utenzi wake wa Vita vya Maji Maji hauwasifii waganga waliogawa maji ya dawa ya kuzuia risasi za Wajerumani hata kidogo, anawaona wamewapoteza watu, na sisi tumekua tunafundishwa kwamba Kinjikitile, mganga mkuu wa hayo maji, ni shujaa wa taifa (na kweli ni shujaa). Jamaliddini aliitazama ile vita ya 1905 mpaka 1907 akiwa mwanachuoni wa mji wa pwani, vita imetoka bara, njaa iliyofuata imeua watu kwa makumi elfu. Mtu aliyeona hayo kwa karibu hatungi kama sisi tunaotunga kwenye sherehe ya mashujaa.

Na umbali nao uangalie. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 mpaka 1945, beti elfu tatu hivi, akiwa karani wa serikali huku huku Tanganyika, na kwake ile ni vita ya dhuluma na haki, dunia nzima iko kwenye mizani. Wakati huo huo askari wa KEYA (KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), wale waliopelekwa mpaka Burma, wanatembea na wimbo wa kuulizana tufunge safari, amri ya nani? Wanajibiwa amri ya Bwana Kapteni, amri ya KEYA. Basi! Hakuna Hitler, hakuna uhuru, kuna safari na aliyetoa amri. Ukiviweka hivi viwili meza moja utajifunza zaidi kuliko kusoma uchambuzi wa kurasa hamsini, mi huwa natumia kipindi kizima hapo na bado hakitoshi.

Hata vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Iddi Amini, ni vivyo hivyo. Henry Muhanika alitoa utenzi wake wa vita hivyo 1981, ushindi ukiwa bado wa moto, na huku watoto kwenye mchakamchaka tunaimba Iddi Amini akifa mimi siwezi kulia, nitamtupa Kagera awe chakula cha mamba. Tuliimba kwa furaha sana. Baba yangu mdogo alikuwa mbele huko mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979, na nyimbo walizokuwa wanaimba wao hazifanani na hiyo yetu, nyingi zilikuwa za nyumbani, za mama, za barua isiyofika.

Kwa hiyo kama una mzee aliyepigana, usimuulize vita vilikuwaje, atakujibu kwa kifupi tu vilikuwa vibaya, maongezi yataishia hapo. Muulize mlikuwa mnaimba nini mkitembea. Washa simu urekodi, mwache aimbe hata akikosea, kisha andika nani alikuwa anaanzisha na wenzake walikuwa wanaitikia nini, usiandike ubeti peke yake, maana mara nyingi mwanzishaji anaimba kile ambacho mkubwa anataka kusikia na lile la askari wenyewe liko kwenye kiitikio.