Leza ya macho ukiwa jeshini: wasomaji wanauliza

SWALI: Shikamoo dokta. Mi kijana wa Tanga ila sa hivi niko jeshi la Marekani, Fort Bragg, North Carolina. Bila miwani sioni mbali kabisa, namba yangu ya miwani ni minus 4.5 macho yote mawili. Juzi tuko porini usiku mvua ikapiga, miwani ikajaa ukungu, ikabidi nishike begi la mwenzangu mgongoni ndo nitembee, niliona aibu sana. Wenzangu wanasema leza ya kurekebisha macho uachane na miwani, jeshini ni bure. Mama nyumbani kusikia tu leza kwenye jicho analia, anasema macho hayachezewi. Nifanye? Na kati ya zile aina mbili za leza, nichukue LASIK au PRK?
Mtoto wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa usiku ule. Mama usimlaumu, mwambie hiki kitu si kipya, jeshi la majini lilianza kufanyia askari PRK kule San Diego mwaka 1993, na hapo hapo kambini kwako jeshi la nchi kavu likaanza mpango wake mwaka 2000, na sababu ni hiyo hiyo iliyokukuta, askari aliyepoteza miwani vitani ni mzigo kwa wenzake. Ukiwa askari wa muda wote hulipi hata senti, wakati uraiani ni maelfu ya dola, ila lazima kamanda wako asaini karatasi na mkataba wako uwe bado una muda.

Sasa LASIK na PRK. Leza ni ile ile, inachonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho ambacho unene wake ni kama nusu milimita tu. Tofauti ni mlango wa kuingilia. LASIK wanakata kifuniko chembamba, wanakifunua, wanachonga, wanakirudisha, kesho yake unaona vizuri. PRK hawakati kifuniko, wanakwangua ile ngozi laini ya juu halafu inaota yenyewe, na hapo ndo maumivu yalipo, siku tatu nne za kwanza macho yanachoma kama umepakwa pilipili, machozi yanatiririka, mwanga huutaki, unalala chumba cha giza na lenzi laini ya kukinga kidonda. Kuona kwenyewe kunakuja polepole, wiki hii vizuri wiki ijayo ukungu, wengine miezi mitatu, na matone ya dawa hayakatishwi hata ukijiona umepona.

Pamoja na hayo yote mi ningekwambia PRK. Kile kifuniko cha LASIK hakirudii nguvu yake ya mwanzo, si mara nyingi ila kikipata kishindo kinaweza kusogea hata baada ya miaka, na kazi yako we ni vishindo. LASIK nayo inaruhusiwa, na daktari akishapima konea ndo atasema ipi inakufaa. Ikionekana konea imekuwa nyembamba na inachongoka, wenyewe wanaita keratokonasi, kataa leza kabisa hata akikubembeleza nani.

Siku yenyewe unalala chali, unatazama taa ndogo inayometameta, chini ya dakika moja kila jicho, utasikia harufu kama nywele zinaungua, usishtuke wala usihamishe macho, hakuna moto pale, ni mwanga tu unavunja tishu. Baada ya hapo miwani ya jua kila utokapo, usiogelee, usipake zile rangi za usoni za kujificha porini, usiingie kwenye chumba cha mazoezi ya gesi ya machozi mpaka daktari akuachie. Na kama kuna safari ya vitani inakuja, PRK hesabu siku 90 za kusubiri, LASIK 30, kwa hiyo ongea na sajini wako mapema.

SWALI: Dokta, mi nna grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani, nataka kujiunga jeshi hilo hilo. Nifanye leza kabla?
Dada wa Houston

JIBU: Unaweza mdogo wangu, ila toka siku ya leza zihesabu siku 180 ndo wakupokee, na namba yako ya kabla isizidi 8, iwe minus au plas. Ile karatasi ya namba ya zamani ndo watu wengi wanaitupa. Iombe hospitali kabla hujapanda kitandani, piga na picha kwenye simu, maana wapimaji wa jeshi wataitaka na macho yakishanyooka hakuna atakayeweza kuipima tena.