Pawa ya shoti kwenye gemu la gofu, anza na fimbo

Mkuu hapo unapouliza mbona ukijaza pawa mpira unapitiliza shimo na ukipunguza haufiki, mi naona tatizo si kidole chako ni fimbo unayochagua. Kila fimbo ina umbali wake wa mwisho, kama inafika yadi 150 na bendera ya shimo iko 120 basi anzia kama asilimia 80, halafu nenda uwanja wa mazoezi uhakikishe maana kuna magemu ukishuka chini ya nusu hesabu hiyo inagoma.

Sasa wengi wanachosahau ni kwamba mpira ukitua safari haijaisha, mpira wa draiva (fimbo ya shoti ndefu) unabiringika sana, wa weji (fimbo ya shoti fupi za juu) unadunda kidogo tu unatulia, kwa hiyo angalia namba unayoonyeshwa ni ya kutua au ya kusimama, ukishajua hilo lenga utue kabla ya bendera na uache ujisogeze wenyewe. Upepo wa usoni unakula umbali kuliko ule wa mgongoni unavyoongeza, usizipige hesabu moja. Shimo likiwa juu ongeza, likiwa bondeni punguza. Kwenye nyasi ndefu au mchanga pawa ileile haifiki, hapo usibanie pawa.

Na acha kurukaruka fimbo kila shoti bwana, zoea mbili tatu kwanza. Ah halafu cheki seting, iko yadi au mita? Yadi 100 ni kama mita 91 tu, hapo ndo watu wanapigwa chenga.