Katokomea kusikojulikana, ndo wapi huko?

Msomaji wa Morogoro kaniandikia, mwenzake ofisini hajaonekana muda sasa na barua ya HR inasema "ame-abscond". Anataka kujua hilo neno la Kiingereza maana yake nini na limetoka wapi, halafu anauliza kama ni sawa kulitafsiri "ametoroka kwa siri na kutokomea kusikojulikana". Ndugu yangu hapo mwisho umenitonesha kidonda.

Asili haina mambo mengi. Kilatini kuna abscondere, maana yake kuficha: mbele abs- ya kwenda mbali, nyuma condere, kuweka kitu kikae. Waingereza wakalibeba karne ya 16. Kwahiyo moyo wa neno ni kujificha, mbio zinakuja baadae, na ndo maana kisheria hata mtu ambaye hajatoka mjini kwao, kajifungia tu chumbani anamkwepa mleta samansi, anaweza kuambiwa ka-abscond.

Toroka yetu inafaa sana, na siri imo humohumo ndani. Watoro wa karne ya 19 waliokimbia utumwa kwenye mashamba ya pwani ya Kenya, wakaanzisha vijiji kama Fuladoyo au wakapokelewa kwa sultani wa Witu, hawakumuaga mtu.

Sasa turudi kwenye hiyo sentensi yenu, maana naiona kila siku kwenye habari: "Mweka hazina wa kikundi alitoroka kwa siri na kutokomea kusikojulikana." Kwa siri? Ulitaka atoroke na matarumbeta? Haya tuseme imepita, njoo kutokomea. Kutokomea ni kwenda mpaka usionekane tena, basi, habari imeisha. Lakini mwandishi haridhiki lazima aweke kusikojulikana, kama vile kuna watu huwa wanatokomea kunakojulikana, eti fulani katokomea Kibaha, nyumba ya tatu baada ya msikiti, ukifika ulizia mama muuza maandazi. Na wakati mwingine ni uongo mtupu, unasoma kichwa cha habari jamaa katokomea kusikojulikana, unashuka aya ya nne jirani anasema kamuona Tunduma kwa shemeji yake anakula wali. Sa hakujulikani na nani? Na mwandishi peke yake? Si angepanda basi!

Mbona ndugu yake tokomeza mnamtumia vizuri tu, tunatokomeza malaria na hakuna anayeuliza imeenda wapi. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilipowasaka majangili iliita Operesheni Tokomeza, ikaishia hapo. Mngepewa nyie ingekuwa Operesheni Tokomeza Kusikojulikana.

Kama unataka neno linaloshika ule ujificho wa Kilatini, mtaani lipo siku nyingi: kaingia mitini. Hapo kuna kuondoka, kuna kujificha, na kuna wanaomtafuta, maneno mawili tu. Ila usiliweke kwenye barua ya ofisi utachekwa. Barua ina neno lake, utoro kazini, na kwa Tanzania kanuni za ajira za 2007 zinasema ukikosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, hilo ni kosa la kukufukuzisha kazi. Haziulizi kama ulijificha. Kwahiyo mwenzako kama yupo kwao kalala, simu anapokea, ni mtoro ndio, ila hiyo abscond ya HR kwangu mi ni kumvisha koti kubwa kuliko mwili wake. Kama kazima simu na kahama chumba usiku, hapo barua iko sawa.

Kutokomea peke yake ruksa, tumia. Kusikojulikana nishaipigia kelele mpaka sauti imekauka, na mwandishi akiniambia alikuwa anajaza nafasi gazetini nitamuelewa, njaa naijua. Ila asiniambie anatafsiri.