Yuniti zapungua: upepo na jua ndio wa kulaumiwa?

SWALI: Mhariri, tokeni za shilingi elfu moja zinanipa yuniti chache kuliko zamani. Hapa mtaani twaambiwa tunalipia ruzuku ya upepo na jua kama Wajerumani. Ni kweli? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, ruzuku hiyo hutaiona kwenye bili yako, kwani Kenya haina mstari wake. Ujerumani walikuwa nao: mwaka 2017 kila yuniti ilitozwa senti 6.88 za yuro, hadi tozo ikafutwa tarehe 1 Julai 2022 na mzigo ukahamia bajeti ya serikali. Kwetu gharama hiyo imo ndani ya bei ya msingi, kupitia mikataba ya kununua umeme.

Fungua SMS ya tokeni. “TknAmt” ni bei ya stima yenyewe. “OtherCharges” ni kapu la mengine yote: mafuta, fedha za kigeni, mfumuko wa bei, asilimia 5 ya umeme wa vijijini, tozo za EPRA (mamlaka inayodhibiti nishati) na za maji, na VAT ya asilimia 16. Anza na mafuta, yaani mafuta mazito na dizeli inayochomwa kwenye mitambo. EPRA hutangaza kiwango kila mwezi. VAT huyafuata hayo pia. Tuseme ni Sh3.50 kwa yuniti: yuniti 50 ni Sh175, na VAT Sh28, jumla Sh203. Mvua ikikosekana na mabwawa yakashuka, mafuta huchomwa zaidi. Upepo wa Turkana na mvuke wa ardhini wa Olkaria hukipunguza kiwango hicho. Jua la Garissa husaidia mchana tu. Saa mbili usiku, taa za kila nyumba zikiwaka, halipo (mashabiki wa sola hupenda kuliruka hili).

Hata hivyo majirani zako hawajakosea kabisa. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikuwa tayari mapema 2017, lakini laini ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Mkataba ulitaka umeme ulio tayari ulipiwe hata ukikosa njia ya kupita, na fidia ikaangukia umma. Kosa hapo ni la laini na masharti, si la upepo. Isitoshe, mikataba ya aina hii hudumu miaka 20 na hulipwa kwa dola au yuro. Shilingi ikidhoofika, mstari wa fedha za kigeni hupanda.

Sasa chukua SMS mbili, ya zamani na ya juzi, ugawe TknAmt kwa yuniti. Jibu likiwa limeruka ghafla, huenda wastani wako wa miezi mitatu umepita yuniti 30 au 100, ukahamishiwa kundi la bei ya juu. Likiwa palepale na OtherCharges imenona, basi ni tozo.